NVDA, JAWS au Narrator: kisoma skrini kipi kimfae asiyeona wa Tanga?

Barua ilikuwa fupi, mwaliko wa mkutano mkuu wa chama chetu cha akiba na mikopo. "Ndugu mwanachama, unaalikwa kuhudhuria..." Kompyuta ikasoma "en-dugu em-wanachama", ikaendelea vivyo hivyo hadi mstari wa mwisho, kila neno la Kiswahili likitafunwa kwa Kiingereza cha Marekani. Mzee aliyeketi nami alifundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka 30 kabla presha ya macho haijamwondolea nuru. Akavua hedifoni, akaziweka mezani taratibu.

"Mwanangu," akasema, "kama chombo chenyewe ndicho hiki, niachie redio yangu."

Nikamwomba dakika mbili. Niliingia kwenye mipangilio, nikabadilisha sauti tu, programu ikabaki ileile. Barua ikasomwa upya, na safari hii ndugu akawa ndugu, mwanachama akawa mwanachama. Sauti ilikuwa kavu, kama inatoka ndani ya debe, lakini ilikuwa ikisema Kiswahili. Mzee akazivaa tena hedifoni.

Tangu siku ile, mtu akija barazani kwangu hapa Chumbageni kuniuliza anunue kisoma skrini gani, huanza na jambo hilo kabla ya bei na kabla ya jina. Kisoma skrini ni programu inayochukua maandishi, vitufe na menyu zilizo kwenye skrini na kukuambia kilichopo, ama kwa sauti ama kwa kifaa cha nukta nundu. Sauti inayotamka ni kitu kingine, kinachopachikwa ndani yake na kinachoweza kubadilishwa. Wengi waliokatishwa tamaa na kompyuta walikatishwa na sauti, wakadhani wamekataliwa na programu.

Mimi sioni tangu nikiwa na miaka 19. Naandika mihtasari ya vikao, natunza hesabu za chama kwenye Excel, najaza fomu mtandaoni kama mfanyakazi mwingine yeyote. Visoma skrini vitatu vya Windows nimevipitisha kwenye kazi hizohizo: barua ya Kiswahili, jedwali la hesabu, fomu ya wavuti, na ile PDF iliyopigwa skani ambayo kila ofisi hupenda kututumia.

Asili ya kila kimoja

JAWS ndiyo mkongwe. Aliyeianzisha, Ted Henter, alikuwa mshindani wa mbio za pikipiki aliyepoteza macho kwa ajali ya gari mwaka 1978, akajifunza kuandika programu, na toleo la kwanza likatoka mwaka 1989, enzi za DOS. Leo iko chini ya Freedom Scientific ya Marekani na inauzwa kwa leseni.

NVDA ilianza mwaka 2006 Australia. Michael Curran, kijana asiyeona, aliona si haki mtu alipie kompyuta kisha alipie tena, kwa bei inayozidi ya kompyuta yenyewe, ili aweze kuitumia. Akaungana na rafiki yake James Teh, naye asiyeona, wakaunda shirika la NV Access. Programu ni ya bure na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu.

Narrator ni ya Microsoft na imo ndani ya Windows tangu Windows 2000. Kwa miaka mingi ilikuwa ya kukusaidia tu mpaka usakinishe kisoma skrini cha kweli. Tangu Windows 10 imekua sana, na anayeidharau leo huenda anakumbuka ile ya zamani.

Kwenye utafiti uliotolewa mwaka 2024 na WebAIM, shirika la Marekani linalohimiza tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, waliosema JAWS ndiyo wanayoitegemea zaidi walikuwa asilimia 40.5, na NVDA asilimia 37.7. Wengi wa waliojibu walitoka Marekani na Ulaya, kwa hiyo usizichukue namba hizo kama za barazani kwetu. Zinaonyesha tu kwamba programu ya bure imekaa bega kwa bega na ya kulipia, na kwamba hakuna atakayekucheka kazini kwa kutumia NVDA.

Sauti ya Kiswahili

Hapa ndipo nitakapokaa, kwa sababu ndipo Mtanga anapopaswa kuamulia.

NVDA inakuja na injini ya sauti iitwayo eSpeak NG, na Kiswahili kimo ndani yake. Hupakui kitu cha ziada wala huhitaji bando. Unabonyeza kitufe cha NVDA, ambacho kwa kawaida ni Insert, pamoja na Ctrl na V. Mipangilio ya sauti inafunguka, unahakikisha injini iliyochaguliwa ni eSpeak NG, unatafuta Swahili kwenye orodha, unathibitisha. Sauti za eSpeak hutengenezwa kwa hesabu za kompyuta badala ya kukatwa kutoka kwenye maneno ya mtu aliyerekodiwa, ndiyo maana ni nyepesi mno na ndiyo maana zina ule ubati. Faida yake utaiona ukishazoea: ukiiongezea kasi haichanganyi silabi. Lugha yetu nayo inasaidia, maana herufi hutamkwa kama zilivyoandikwa na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kanuni chache zinatosha kusoma karibu kila neno, kazi ambayo kwa Kiingereza ni msitu.

Ukitaka kuipima sauti yoyote, iandikie maneno haya: ng'ombe, ng'ambo, nyanya, mbuyu, nchi, mtu, aliyenyang'anywa. Kisha namba: 1,250,000. Kisha jina la mtaa wako. Usiipime kwa "habari ya asubuhi", kwa sababu hiyo haiwezi kukuonyesha kasoro.

JAWS ina Eloquence, sauti ambayo watumiaji wa zamani duniani kote wanaipenda kwa uwazi wake katika kasi kubwa, na ina sauti za Vocalizer zinazokaribia za binadamu. Kwa Kiingereza nakiri ziko mbele. Lakini Eloquence haijui Kiswahili. JAWS hukubali sauti za nje za SAPI 5, mfumo wa Windows wa kuunganisha sauti na programu, na eSpeak inaweza kupitia njia hiyo, ila sasa umelipa pesa nyingi halafu unazunguka kuomba sauti ambayo NVDA imekupa bure mlangoni.

Narrator hutumia sauti zilizomo kwenye Windows. Zile mpya za Windows 11 zinazoitwa za kiasili zilianzia kwa Kiingereza cha Marekani na zinasikika vizuri kwelikweli. Kwa Kiswahili, kwenye laptopu yangu sijapata ya kunisomea. Hapo ndipo Narrator inapoteza kura yangu kama chombo cha kila siku cha mtu anayesoma Kiswahili.

Microsoft wanazo sauti mbili nzuri za Kiswahili cha Tanzania, Rehema na Daudi. Ziko mtandaoni, na unaweza kuzisikia kwenye kivinjari cha Edge ukifungua ukurasa na kubonyeza Ctrl, Shift na U. Nawapenda wote wawili kwa kusomea habari ndefu jioni. Lakini huko ni kusomewa makala tu. Hawatakuambia umesimama kwenye kitufe gani, wala hawatakusomea menyu, na bando likiisha wananyamaza.

Kuna mtego mmoja ulionisumbua muda mrefu kabla sijaujua. Kurasa nyingi za Kiswahili zimetengenezwa na mafundi walioacha alama ya ndani inayosema ukurasa huu ni wa Kiingereza. NVDA, kwa nia njema, huitii alama hiyo na kugeuza sauti iwe ya Kiingereza, na ule utafunaji wa "en-dugu" unarudi hata kama wewe ulishachagua Kiswahili. Dawa yake iko kwenye mipangilio hiyohiyo ya sauti: ondoa alama kwenye kubadili lugha kiotomatiki. Ikiwa unasoma lugha zote mbili kwa wingi utaona hasara kidogo. Mimi nimeiondoa na sijairudisha.

Halafu vifupisho. Nyaraka zetu zimejaa S.L.P., Ndg., Mh., Mwl., n.k., na hakuna injini ya sauti itakayovitamka kama karani wa Tanga anavyovisoma. NVDA ina kamusi ya matamshi unayoijaza mwenyewe: unaandika S.L.P., unaiambia iseme sanduku la posta, basi. JAWS inayo ya kwake, yenye uwezo huohuo na zaidi kidogo. Kazi hii ni ya jioni moja na matunda yake ni ya miaka.

Saa nayo itabidi uizoee. Ukibonyeza NVDA na F12 itakuambia saa kwa hesabu ya kizungu, kwa hiyo 14:00 ndiyo saa nane yetu ya mchana. Hilo kwa vyote vitatu ni sawasawa.

Pesa

NVDA ni bure kupakua, kutumia na kumwekea mwenzako. Wanapokea michango, na aliye na kipato namsihi achangie, kwa sababu watu wanaoitengeneza wanakula na kulipa kodi ya nyumba.

Narrator umeshailipia uliponunua kompyuta yenye Windows.

JAWS ya leseni ya kudumu imekuwa ikizungukia dola 1,000 na kupanda, ambazo kwa shilingi ni zaidi ya milioni 2. Na kudumu kwenyewe ni kwa toleo ulilonunua. Matoleo mapya yana malipo yake. Kwa mtu wa kawaida wa Makorora au Ngamiani hiyo ni pesa ya mtaji. Siwezi kumshauri mtu auze cherehani anunue JAWS.

Pale mwajiri anapolipa, hesabu inabadilika, na nitarudi huko. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ipo, na mfanyakazi asiyeona asione haya kuomba chombo cha kazi kama mwenzake anavyopewa kiti na meza.

Nataka kusema wazi kuhusu JAWS za wizi zinazotembea kwenye flashi. Niliwahi kuwekewa moja na fundi wa mtaani, kwa elfu 20. Ilifanya kazi miezi kadhaa, kisha siku moja Windows ikajisasisha na JAWS ikawa bubu. Fundi aliporudi kuifufua, flashi yake ilikuja na virusi, na mihtasari ya vikao ya mwaka mzima ikaenda nayo. Niliandika upya ile niliyoweza kuikumbuka kwa kuwauliza wajumbe mmoja mmoja. Ukitaka kuionja JAWS, ipakue kwa wenyewe: bila leseni inafanya kazi dakika 40, kisha inakutaka uwashe kompyuta upya ili upate 40 nyingine. Zinatosha kabisa kujua kama inakufaa.

Na kulipa hakukupi uhakika wa milele. Window-Eyes ilikuwa programu kubwa ya kulipia, ikishindana na JAWS kwa miaka mingi, na mwaka 2017 ikasitishwa.

Kazini

Kwenye barua za Word vyote vitatu vinasoma herufi kwa herufi, neno kwa neno, mstari kwa mstari, na vyote vinakuambia ulichoandika wakati unaandika. Tofauti hapo ni ndogo, nisikuchoshe.

Kwenye Excel tofauti inaonekana. Daftari letu lina safu za jina, hisa, akiba, mkopo, riba na marejesho. Usipoambiwa uko safu gani, 45,000 ni namba tu. NVDA unaisaidia mara moja: unasimama kwenye seli ya kwanza ya vichwa vya safu, unabonyeza NVDA, Shift na C, na kuanzia hapo ukihama inataja jina la safu kabla ya namba. JAWS imekomaa zaidi. Inakupa njia za kuorodhesha vilivyomo kwenye karatasi nzima, na kitu ninachokitamani hadi leo: unaweza kuiwekea seli za kufuatilia, ukawa katikati ya jedwali na kuuliza jumla imefika ngapi bila kuondoka ulipo. Mhasibu anayeshinda kwenye majedwali makubwa ataona thamani ya hilo kila saa. Narrator husoma seli vizuri, ila kwenye kazi nzito ya hesabu nimekuwa nikiiacha njiani.

Pale ofisi inapotumia programu yake maalumu, ya benki au ya kupokea simu za wateja, JAWS ina silaha nyingine: lugha ya kuandikia maelekezo, ambayo mtaalamu anaweza kuifundisha kusoma dirisha ambalo lingekuwa kimya. NVDA nayo ina viongezo vinavyoandikwa kwa lugha ya programu iitwayo Python, na tangu toleo la 2023.2 lipo duka lake humohumo ndani, vingi vikiwa bure. Lakini kampuni nyingi zilizowahi kufanya kazi hiyo kwa miaka zilifanya kwa JAWS. Ukipata ajira sehemu ya namna hiyo, waulize kwanza, kisha waambie wanunue wao.

Fomu za mtandaoni ndizo zinazowaliza wanaoanza, na sababu ni moja. Kisoma skrini kwenye ukurasa wa wavuti kina hali mbili. Ya kwanza ni ya kutembea, ambapo herufi ni njia za mkato: H inakurusha kwenye kichwa cha habari kinachofuata, E kwenye kisanduku cha kuandikia, B kwenye kitufe, T kwenye jedwali. Ya pili ni ya kuandika. Mtu ambaye jina lake linaanzia na H akianza kuliandika akiwa bado kwenye hali ya kutembea, kompyuta inampeleka kwenye vichwa vya habari, naye anadhani fomu imeharibika. NVDA hutoa mlio mdogo inapobadili hali. Jifunze mlio huo kabla ya kitu kingine. NVDA na kitufe cha nafasi hubadili kwa mkono. Kwenye Narrator ni Caps Lock na nafasi. Herufi nilizozitaja hufanya kazi kwenye zote tatu, kwa hiyo anayeanzia kwenye moja hapotezi elimu yake akihamia nyingine.

Zile picha za kuthibitisha kwamba wewe si roboti, hakuna hata kimoja kati ya hivi kitakachokusomea inavyotakiwa. Tafuta kitufe cha sauti. Kisipokuwepo, ita mtu mwenye macho. Hilo ni kosa la aliyetengeneza fomu.

Na sasa PDF ya skani. Ofisi inapiga barua picha, inagonga mhuri, inakutumia, na kisoma skrini kinasema hati ni tupu. Kwa kweli si tupu, ni picha. JAWS inaweza kuichukua hati nzima yenye kurasa nyingi na kuitambua maandishi yake. NVDA, kuanzia Windows 10, hutambua kile kilichopo kwenye skrini kwa wakati huo ukibonyeza NVDA na R, kwa hiyo kurasa 12 ni kubonyeza na kushuka, kubonyeza na kushuka. Kwa kuwa Kiswahili hakina alama juu ya herufi, utambuzi wa Kiingereza huzipata herufi zetu vizuri. Panapovurugika ni pale mhuri ulipokaa juu ya saini. Hapa JAWS inashinda waziwazi. Wewe nawe unaweza kuomba ofisi ikutumie faili la Word. Wengi hawakatai, ni kwamba hawakuwahi kuombwa.

Kompyuta za mtumba, steshenari na mtu wa mbali

Laptopu nyingi zinazouzwa mjini kwetu ni za mtumba. NVDA huchukua nafasi ya takriban MB 150 na haiikabi mashine dhaifu. JAWS ni nzito mara kadhaa, na kwenye kompyuta yenye RAM ndogo utasikia inavuta pumzi kati ya kitufe na neno. Kama umeangukia yenye Windows 7, mlolongo wa NVDA 2023.3 ndio wa mwisho kuikubali; toleo la 2024.1 lilitaka Windows 8.1 kwenda juu. Ukinunua leo, lenga inayoweza kubeba Windows 11, kwa sababu Microsoft walifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

Kitu ninachokithamini kuliko vyote kwenye NVDA kiko mfukoni mwangu. Inaweza kukaa kwenye flashi na kuendeshwa humo bila kusakinishwa. Niliingia steshenari moja ya Ngamiani kuchapisha barua yangu.

"Kaka, pole, kompyuta yetu haiongei," akasema binti wa pale.

"Nipe kiti dada yangu, itaongea sasa hivi."

Nikachomeka flashi na hedifoni, akanisaidia kufungua folda, na baada ya nusu dakika nilikuwa nasoma barua yangu kwa Kiswahili na kurekebisha tarehe niliyokosea. Sauti yangu, kasi yangu, kamusi yangu, vyote vilikuwa humo. Nilipomaliza nikabonyeza NVDA na Q, nikachomoa, kompyuta yao ikabaki kama nilivyoikuta.

Penye kompyuta isiyokubali flashi, Narrator ndiyo mkombozi: Ctrl, kitufe cha Windows na Enter, inaanza kusema papo hapo. Ndiyo hiyohiyo itakayokuongoza unapoweka Windows upya bila mtu mwenye macho kando yako, jambo ambalo miaka ya nyuma hatukuliota. Kwa hiyo hata mtumiaji wa NVDA ajifunze Narrator kiasi cha kuweza kujiokoa siku programu yake inapogoma.

Kusaidiana kwa mbali nako kumekuwa rahisi. JAWS ina Tandem kwa kazi hiyo. NVDA ilikuwa ikihitaji kiongezo, na tangu toleo la 2025.1 imewekwa ndani kabisa. Mwenzangu aliye Muheza akikwama, tunaunganisha kompyuta zetu na ninasikia yake ikisema kwenye hedifoni zangu. Inayosafiri ni maandishi ya kinachosemwa, siyo sauti yenyewe, kwa hiyo bando haliliwi.

Wenye uoni hafifu

Kama bado unaona kwa kukaribia, usikimbilie kuziba macho. Windows ina Magnifier: bonyeza kitufe cha Windows na alama ya kujumlisha, kila kitu kinakua, Windows na Esc inafunga. Iunganishe na NVDA ikusomee pale macho yanapochoka. Upande wa kulipia kuna ZoomText, na Fusion ambayo ni ZoomText na JAWS kwa pamoja, nzuri sana na ghali vilevile. Kwa mwenye ugonjwa unaoendelea, kama presha ya macho, ushauri wangu ni kuanza kujifunza vitufe sasa, angali anaweza kuchungulia pale anapopotea.

Mac, Linux na simu

Mwenye Mac hana la kuchagua wala la kuhangaikia: VoiceOver imo tangu mwaka 2005, Command na F5 inaiwasha. Linux ina Orca, ya bure, inayotumia eSpeak ileile; nzuri kwa mpenda mashine, ngumu kwa anayetaka kuandika barua tu. Kwenye simu za Android, TalkBack huwashwa kwa kushikilia vitufe viwili vya sauti kwa sekunde chache, na sauti za Google zina Kiswahili. Simu ni shule nzuri ya kwanza, ila mihtasari ya kurasa 10 huiandiki kwa kidole kwenye kioo.

Nani achukue kipi

Mwanafunzi anayetoka shule yenye kitengo cha wasioona, pale Pongwe au kule Irente Lushoto, anayejua nukta nundu na anaanza kompyuta: NVDA, pamoja na eSpeak ya Kiswahili kwa masomo ya Kiswahili na sauti ya Kiingereza kwa mengine. Ataweza kuibeba hadi chuoni bila kumwomba mtu leseni.

Anayeajiriwa ofisi yenye programu maalumu au majedwali mazito: JAWS, ikilipwa na ofisi, na NVDA iwepo kwenye flashi kwa ajili ya nyaraka za Kiswahili. Hakuna sheria inayokukataza kuwa na zote mbili, ila usiziwashe kwa wakati mmoja, zitasema zote kwa pamoja.

Anayetaka kusoma barua pepe za Kiingereza na kuingia mtandaoni mara mojamoja: Narrator inamtosha.

Wote hao, siku ya kwanza, nawafundisha kitu kimoja kabla ya vyote. Shikilia kitufe cha kisoma skrini, Insert au Caps Lock, kisha bonyeza 1. Kwenye vyote vitatu kibodi inageuka kuwa darasa: kila kitufe utakachogusa kitajitaja jina na kazi yake bila kuharibu chochote. Rudia vitufe hivyohivyo viwili kutoka. Mtu akikaa saa nzima anapapasa kibodi namna hiyo, hofu inamtoka.

Yule mwalimu mstaafu alichukua NVDA. Wiki mbili za kwanza alilalamikia ule ubati, kisha akaacha kuutaja. Kilichomkera zaidi kilikuwa vifupisho, na kwa kuwa ni mwalimu wa Kiswahili hakukubali kuviacha. Aliketi na ile kamusi ya matamshi akaijaza kimoja kimoja: Mwl., Bw., Bi., k.v., n.k., Tsh., S.L.P., taz., hata vifupisho vya wizara. NVDA huhifadhi kamusi hiyo kwenye faili dogo liitwalo default.dic, na aliniletea nakala. Sasa ninapomwekea mtu mpya NVDA kwenye flashi, faili la mwalimu linaingia nalo, na barua ya kwanza anayoisikia inasema sanduku la posta.